Mtoto wa Dumila na Mstari wa Kuanzia

Katika Olimpiki ya Paris ya 2024, Austria iliondoka na medali 2 za dhahabu, na zote zilitoka kwenye mbio za matanga. Lara Vadlau na Lukas Mähr walishinda kwa boti ya 470, na Valentin Bontus akashinda mbio za ubao unaovutwa na tiara. Austria haina pwani. Mabaharia wake hukulia kwenye maziwa, likiwemo Neusiedl, ambalo kina chake hakifiki mita 2. Mtu mzima akipinduka humo anaweza kusimama wima na kuisukuma boti yake hadi ukingoni.

Naanza na Waaustria kwa sababu kila nikigusia habari ya vijana na boti za tanga nikiwa Dumila, mkoani Morogoro, jibu huwa lilelile. Sisi ni watu wa nyanya, vitunguu na mahindi. Barabara ya Kilosa inakata hapa, ya Turiani inakata jirani, Magole, na bahari iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 250. Maji tunayoyajua ni yale yanayokuja bila hodi, kama ya Januari 2014, mafuriko yalipoikata barabara ya Morogoro na Dodoma na watu wakalala juu ya mapaa. Nani atampeleka mtoto wake akapande kijiboti cha mtu mmoja?

Swali ni la haki, lakini limejengwa juu ya dhana kwamba mshindani wa matanga huzaliwa na bahari. Kama ingekuwa hivyo, Tanzania yenye pwani kutoka Tanga hadi Mtwara, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia, ingekuwa na majina kwenye orodha za Olimpiki. Haina hata moja katika mchezo huu. Bahari tunayo, na wajuzi wa bahari tunao tangu kabla ya mtu yeyote kutuandikia kanuni. Kinachotupungukia ni mianzo. Nasema mianzo kwa maana ya mara ambazo mtoto amekaa kwenye mstari wa kuanzia akiwa amebanwa na wenzake kulia na kushoto, saa inahesabu kurudi nyuma, naye anatakiwa aondoke na nafasi yake.

Boti inayotumika kulea watoto karibu dunia nzima ni Optimist. Ilichorwa na Clark Mills huko Clearwater, Florida, mwaka 1947, nayo ni sanduku la urefu wa mita 2.3 hivi lenye pua butu, uzito wa bodi kilo 35, tanga moja, kamba moja ya demani, usukani na ubao wa katikati unaoshushwa majini. Mtoto huruhusiwa kushindana nayo hadi mwaka anaotimiza miaka 15. Kwenye mashindano makubwa boti zote zinafanana, na mara nyingi wageni hukodishiwa palepale. Umaskini wa nchi, kwa hiyo, hauonekani sana kwenye bodi. Unaonekana dakika 5 kabla ya mbio.

Dakika hizo 5 zina utaratibu wake. Dakika ya 5 inapandishwa bendera ya daraja la boti. Dakika ya 4 inapandishwa bendera ya maandalizi, na rangi yake hueleza jinsi atakavyoadhibiwa anayevuka mstari mapema. Ikiwa nyeusi, adhabu ni kufukuzwa katika mbio hiyo. Dakika ya 1 ile ya maandalizi inashushwa. Sifuri, mbio zimeanza. Honi hulia kila mara, ila kinachohesabika ni bendera, kwa kuwa sauti huchelewa na upepo huipeleka kokote. Mstari wenyewe haukuchorwa mahali popote. Ni mstari wa macho tu, kati ya mlingoti wa boti ya kamati na boya la upande wa pili, na mtoto aliyekaa chini kabisa kwenye sanduku la mita 2.3 haoni boya hilo kwa sababu matanga ya wenzake 40 yamemziba.

Nimemtazama msichana wa miaka kama 11 akijifunza hili. Kocha alimwambia kitu kimoja tu: kaa hapo ulipo. Kazi ngumu ni hiyo, maana boti ya tanga haina breki. Aliliachia tanga likapiga makofi, boti ikaanza kuteleza chini ya upepo. Akausukuma mti wa chini wa tanga kwa mkono mpaka tanga likashika upepo kwa nyuma, boti ikarudi kinyumenyume kidogo, akapata tena pengo lake upande wa chini. Pengo hilo ndilo mali. Asiye nalo hana pa kuanguka anapotaka kuongeza mwendo. Zikabaki sekunde 10, akavuta demani mikono miwili, akaegemea nje. Alichelewa. Wenzake wawili walimfunika, mmoja juu na mmoja chini, na tanga lake likalegea kama nguo iliyoanikwa.

"Kocha, nafasi haikuwepo," alisema walipokusanyika.

"Ilikuwepo, mwanangu. Uliigawa ulipoangalia saa badala ya kumwangalia huyu wa chini yako. Tunarudia."

Wakarudia, wakarudia tena, mpaka mchana ukaisha. Hakuna mbio iliyofika hata boya la kwanza. Wazazi waliokuja kuona mashindano walichoka, mmoja akauliza watoto watakimbia saa ngapi. Mimi nilitamani kila kilabu ya pwani yetu iendeshe hata mchana mmoja wa namna ile kwa wiki.

Kwa nini mwanzo uwe na uzito wote huo? Kwa sababu ya upepo uliochafuliwa. Tanga likipitisha upepo huuacha nyuma yake ukiwa dhaifu na wenye vurugu. Katika mbio za watu wawili unaweza kugeuza na kwenda kuutafuta upepo safi upande mwingine. Katika kundi la boti 50, ukigeuza unaingia kwenye uchafu wa mwingine, na baada ya huyo wa mwingine tena. Aliyeondoka mstari wa mbele anakwenda kwa upepo mzima, anachagua upande, anageuza anapotaka. Aliyeondoka mstari wa pili anageuzwa na wenzake. Tofauti ya sekunde 3 mstarini huwa mita kadhaa kwenye boya la kwanza, kisha kwenye boya wanafika 20 kwa pamoja na wa mwisho wao anazunguka kwa nje kabisa, akihesabu migongo.

Kuna pia hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Mstari wa kuanzia unatakiwa ukae mraba na upepo, lakini upepo hauna adabu hiyo. Ukipinda digrii 10 juu ya mstari wa mita 100, anayeanzia mwisho mmoja yuko mita 17 mbele ya anayeanzia mwisho wa pili kabla hajafanya lolote la maana. Kwa Optimist hizo ni urefu wa boti zaidi ya 7. Kuutambua mwisho mzuri hakuhitaji kifaa: simamisha boti katikati ya mstari, pua itazame upepo sawasawa, halafu angalia pua imeelekea zaidi upande gani. Tatizo ni kwamba kila aliyefundishwa anaijua hesabu hiyo, hivyo mwisho mzuri hujaa kama stendi siku ya mkesha wa Idi. Kocha mwenye akili humfundisha mtoto kupokea theluthi mbili ya faida akiwa na nafasi ya kupumua, kuliko kuipigania yote na kubaki amebanwa kwenye ubavu wa boti ya kamati.

Wapo watakaoniuliza habari ya ngalawa. Wana haki. Mtu anayetoka Nungwi au Kizimkazi na ngalawa kwenda uvuvini anajua kubisha kuliko makocha wengi wenye vyeti. Anasoma weusi wa maji unaotangulia pumzi ya upepo, anajua umande wa asubuhi unavyokufa na upepo wa bahari unavyoamka kuchukua nafasi yake, anajua kusi ina mpaka na kaskazi ina mpaka. Zanzibar mbio za ngalawa zimo mpaka kwenye tamasha la filamu la ZIFF, na Lamu hakuna sherehe kubwa bila mashua kushindana. Ujuzi wote huo unahamishika. Kisichohamishika ni jinsi ya kugeuza na jinsi ya kuanza. Chombo chenye foromali hakipendi kugeuzwa hovyo, kwa kuwa foromali na tanga lake vinatakiwa vipitishwe mbele ya mlingoti, kazi ya mikono zaidi ya miwili. Nahodha hujipangia mkondo mrefu na kugeuza mara chache. Optimist hugeuka ndani ya sekunde chache na mtoto anaweza kugeuza mara 15 kabla ya boya la kwanza. Tena mbio za ngalawa huja kwa msimu na sikukuu. Nahodha bingwa anaweza kuzeeka akiwa na mianzo michache kuliko mtoto wa Palma, Hispania, aliyemaliza msimu mmoja.

Katika jambo moja lakini mzee wa ngalawa angewaacha nyuma makocha wa maziwa: maji yenyewe. Pwani ya Dar es Salaam na Zanzibar, wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji hayo yote hayana budi kwenda na kurudi. Mkondo ukisukuma kuelekea mstarini, kundi zima huvuka kabla ya wakati na kamati huwaita wote warudi. Mkondo ukisukuma kutoka mstarini, walioketi wakisubiri hujikuta wako mita 10 nyuma na hawaelewi kwa nini. Wakati wa maji mafu mchezo ni mwingine kabisa. Ningekuwa na bajeti ya kocha mmoja wa kigeni, ningeigawa nusu nimlipe nahodha mstaafu wa Msasani au Kunduchi akae kwenye boti ya kocha, aseme tu maji yanafanya nini. Sijui kwa nini hili linaonekana geni. Vilabu vingi vya matanga vya Afrika Mashariki vilizaliwa enzi za ukoloni, kile cha Mombasa mwaka 1910, vikaweka ada na lango, na mvuvi akabaki upande wa pili wa ukuta akitazama. Hata leo kijana anayeshusha boti majini na kufunga matanga ya watoto wa wanachama huenda anausoma upepo kuliko mwanachama mwenyewe. Kenya ilipopeleka boti ya Flying Dutchman kwenye Olimpiki ya 1960, mbio zikafanyika Napoli, mchezo bado ulikuwa wa walowezi.

Kwenye mstari kuna pia jambo la malezi ambalo makocha wageni hawalioni na sisi tunaliona mno. Mbio za kundi hazina mwamuzi anayepuliza filimbi kila kosa. Boti inayopokea upepo kutoka kulia ina haki ya njia dhidi ya inayoupokea kutoka kushoto. Zikienda upande mmoja, iliyo juu ya upepo huipisha iliyo chini. Mwenye haki hupaza sauti, "Stabodi!", na mwenye kosa hujiadhibu mwenyewe palepale kwa kuzungusha boti mara 2, au mara 1 kama amegusa boya tu. Asipojiadhibu, mwenzake anamshitaki jioni mbele ya jopo. Sasa mchukue mtoto aliyelelewa kusema shikamoo na kumpisha mkubwa. Mweke kwenye mstari karibu na kijana wa miaka 15 mwenye sauti iliyokwisha vunjika, anayekuja kwa kosa huku akimkaripia. Mtoto wetu atampisha, kisha atakaa kimya jioni nzima. Nimeona haya yakimpata hodari aliyekuwa na kasi kuliko wote. Dawa yake si kumwondolea adabu. Ni kumpa kanuni mkononi mapema, kwa Kiswahili, na kumzoesha kwamba kupaza sauti mstarini ni sehemu ya mchezo, kama kuomba pasi uwanjani. Kanuni hizi hutolewa upya kila miaka 4, toleo la sasa ni la 2025 hadi 2028, na kurasa zinazomhusu mtoto ni chache mno kuliko kitabu kinavyotisha.

Ukiukubali uzito wa mianzo, hesabu inageuka upande wa mtoto wa bara. Kilabu inayoendesha mbio 2 kila Jumapili humpa mtoto mianzo 104 kwa mwaka, asipokosa hata wiki moja, asiumwe, mvua ya masika isimzuie. Kambi ya siku 10 yenye mianzo 12 kila siku humpa 120. Wala haihitaji boti ya kamati yenye milingoti na maofisa. Maboya 2, filimbi na mstari uliofupishwa makusudi vinatosha. Boti 12 kwenye mstari wa mita 25 zinabanana sawasawa na boti 50 za mashindano. Hata mstari ukikosekana, ipo njia ya sungura: boti moja inabisha ikipokea upepo kutoka kushoto, wengine wanapita mmoja mmoja nyuma ya shetri yake wakipokea kutoka kulia, na kundi zima linajikuta limeanza kwa usawa bila boya hata moja.

Majirani zetu wametangulia, na hawakutangulia kwa utajiri. Shelisheli, yenye watu wapatao laki 1, ilikuwa na Allan Julie aliyeshindana kwa Laser katika Olimpiki kadhaa kuanzia 1996, na baada yake Rodney Govinden. Msumbiji ilipokwenda kwenye mbio za Olimpiki ya Tokyo, zilizofanyika 2021, ilipeleka wanamatanga 3, wote wanawake: Deizy Nhaquile peke yake, na Denise Parruque pamoja na Maria Machava kwenye 470. Hawakurudi na medali. Walirudi na mianzo ya kiwango ambacho hakuna Mtanzania aliyewahi kukiona, na Nhaquile akaenda tena 2024.

Boti ya Julie ndiyo inayotakiwa kumpokea mtoto akishatoka kwenye Optimist, na hapo ndipo wengi hupotea. Laser, ambayo siku hizi rasmi huitwa ILCA, ina urefu wa mita 4.23. Uzuri wake ni kwamba bodi ni moja ila matanga ni matatu: dogo la mita za mraba 4.7, la kati 5.76, kubwa 7.06. Mtoto wa kilo 48 akiwekwa kwenye tanga kubwa siku ya kusi atapinduka hadi auchukie mchezo, na kilabu itasema hana moyo. Vilabu hununua tanga kubwa kwa sababu watu wazima ndio wanaopiga kura. Kinachotakiwa ni tanga dogo na mlingoti wake wa chini, basi.

Turudi Dumila, kwa mambo ya utekelezaji. Bwawa la Mindu ni maji ya kunywa ya Morogoro, tuliache. Mtera kuna upepo mzuri, kuna pia viboko na mamba, na kanuni hazisemi nani ana haki ya njia kati ya Optimist na kiboko. Kenya walikuwa na Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 kwa ajili ya maji ya dharura. Kilabu ya matanga ilishamiri pale katikati ya jiji, umbali wa saa nyingi kutoka Mombasa, mpaka majitaka na magugumaji yakalimeza. Sisi hatuna bwawa la namna hiyo karibu, kwa hiyo njia ni kambi: mara 2 kwa mwaka, likizo ya Juni na ya Desemba. Reli ya SGR iliyoanza 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma inapita Kilosa, na safari ambayo zamani ilimaliza siku haimalizi tena.

Kabla ya safari, kuogelea. Mto Wami una mamba, watoto wengi wa huku hawajui kuogelea na wazazi wao wanafanya vizuri kuwakataza mtoni. Watafutiwe bwawa la kuogelea Morogoro, na asiyeweza mita 50 akiwa amevaa nguo asipande boti, awe na jaketi la kujiokolea au asiwe nalo.

Mengine yote yanafundishika kwenye uwanja wa mpira. Miti 2 ndiyo mstari, vumbi linaonyesha upepo, mwalimu ana saa na filimbi, watoto wanatembea kwa miguu wakibisha kwa pembe ya digrii 45, wanapishana, wanapaza sauti, wanajizungusha mara 2 wakikosa. Watu watacheka wiki ya kwanza. Atakayefika pwani baada ya miezi mitatu ya hilo atakuwa anajua aende mwisho upi wa mstari na amwangalie nani, na kilichobaki ni mikono yake kuizoea demani. Kundi la kwanza ningelipeleka Desemba, kaskazi ikiwa bado changa. Juni, na kusi yake, ningewaachia waliokwisha kupinduka mara nyingi kiasi cha kuacha kuhesabu.